Mkate wa Duka la Kabuti

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo nikiirudia, mwanangu uliye mbali, husikia kwanza harufu ya maua ya kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki iliyotangulia, kisha jua likawaka, na mashamba yote kati ya Thika na Ruiru yakachanua kwa pamoja, meupe pe pe pe. Nyinyi mnaijua Ruiru ya magorofa na nguo zilizoanikwa kwenye madirisha. Ruiru yangu ilikuwa stesheni ya gari moshi, safu ya maduka ya Wahindi, na barabara ya vumbi ambayo mbwa angelala katikati yake mpaka mchana bila kusumbuliwa. Sisemi ilikuwa bora. Nasema tu kwamba naikumbuka kwa mapenzi, na mzee ana haki ya kupenda vitu vilivyokwisha.

Nilikuwa na miaka ishirini, nguvu za punda na akili za punda huyohuyo. Kazi yangu ilikuwa kukata katani katika shamba moja la Thika, na usiniulize lilikuwa la nani kwa sababu wenyewe walikwisha kurudi kwao. Tulikaa kwenye laini, yaani safu ya vyumba vya wafanyakazi, wawili wawili. Mimi nilipangwa na kijana wa Bungoma aliyeitwa Wafula. Alikuwa mrefu kuliko mlango wetu, na kila asubuhi aligonga kichwa pale juu akaucheka mlango badala ya kuutukana. Alinifundisha kusonga ugali mpaka mwiko usimame. Mimi nikamfundisha kula viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge, chakula alichokuwa akikiita uji wa watu wenye meno. Jioni alisoma Biblia ya lugha ya kwao kwa sauti, nami nikisikiliza bila kuelewa hata neno moja, nikitulia moyo. Sijawahi kupata rafiki mwingine wa namna ile, na nimeishi miaka mingi nikiwajua watu wengi.

Wafula alikuwa na barua. Wakuu wa reli huko Nairobi walikuwa wamemkubalia kuja kujifunza kazi ya gari moshi. Kwa mkata katani wa siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Ilikuwa ni kutoka kwenye miiba na kuingia kwenye kazi ya kofia na pensheni. Barua ilisema afike Jumanne ya wiki ya pili, saa mbili kamili asubuhi, na kwamba atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine. Aliniomba nimsomee maneno hayo ya mwisho mara nyingi, ingawa alijua kusoma kuliko mimi.

Basi Jumapili hiyo tulikuwa tunakwenda Gitothua kwa babu yangu, guka, mzee aliyenilea baada ya baba kufariki. Guka alikuwa na koti zuri jeusi ambalo alilivaa kanisani tu, na alikuwa ameahidi kumwazima Wafula ili asiingie Nairobi na shati lenye madoa ya utomvu wa katani. Zilikuwa nyakati za Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa Kikuyu waliojificha msituni. Mkikuyu kama mimi hakutembea alivyotaka. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya ruhusa kutoka kwa meneja, ya siku hiyo moja, mpaka jua kuzama. Wafula, kwa kuwa alikuwa wa magharibi, hakusumbuliwa sana njiani.

Tuliondoka alfajiri tumbo tupu. Posho yetu ilikuwa imeisha Ijumaa, kwa sababu Wafula alipika kwa mkono wa ukarimu. Tulipofika Ruiru jua lilikuwa limepanda vizuri na maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kulikuwa na Mhindi mmoja tuliyemwita Kabuti, kwa vile alivaa kabuti zito hata jua likipasua mawe. Siku hiyo Kabuti na jamaa yake walikuwa wamekwenda arusini Nairobi. Tukapita nyuma ya duka lake kutafuta kivuli, na hapo ndipo pua yangu ilipopata harufu ya sukari guru. Dirisha la stoo lilikuwa la mbao, limezuiwa kwa kijiti tu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo upumbavu wangu ulipovaa nguo za hekima.

Nilipokuwa mdogo tulilima Theta, karibu na mto. Asubuhi moja tulikuta mgeni asiyejulikana amechimba viazi vitamu viwili shambani mwetu, akawasha moto, akavichoma, akala, na maganda akayapanga chungu moja kando ya njia. Mimi nikapiga kelele za mwizi. Bibi yangu akanicheka. Akaniambia huyo si mwizi, ni mpita njia mwenye njaa, na ana adabu, kwa kuwa amekula hapohapo na ametuachia maganda tuone. Angebeba kiazi kimoja akavuka nacho mpaka, hapo angekuwa mwizi na tungempigia mayowe kijiji kizima. Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu, na makabila mengi yanayo. Njaa ya msafiri ilikuwa na ruhusa yake.

Basi nikiwa nyuma ya duka la Kabuti nikaikumbuka desturi hiyo, nikaiona inanifaa.

"Tunaingia tunakula," nikamwambia Wafula. "Hatubebi kitu. Karatasi za mkate tunamwachia aone."

"Njoroge, wacha," akasema. "Hii ni nyumba ya mtu."

"Kwani kwenu mtu akiwa na njaa anafanya nini?"

"Anang'oa muhogo, anakula hapohapo shambani. Lakini sijaona mtu anafungua stoo ya wenyewe."

"Wewe ni mwoga, bana."

Nikacheka. Mwanangu, kicheko cha rafiki kimewapeleka vijana wengi mahali ambapo fimbo isingewafikisha. Nikakitoa kile kijiti, nikalivuta dirisha, nikajipenyeza ndani. Wafula akabaki nje. Nilikula mkate nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, nikatafuna kipande cha sukari guru, kisha nikaikunja karatasi ya mkate vizuri, nikapita upande wa dukani, nikaiweka juu ya kaunta na kuikandamiza kwa jiwe la mizani ili isipeperuke. Naapa nilijiona kijana aliyelelewa. Kisha nikachukua mkate wa pili, nikaukata nusu, nikamnyooshea Wafula dirishani. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu tumbo likamshinda, akaupokea, akaanza kula akiwa amesimama palepale.

Hakuwa amemeza mara tatu walipotokea walinzi wawili wa kijiji, wenye mikuki, kwenye kona ya mwisho ya maduka. Wafula aliwaona kabla yangu. Hakukimbia. Aliegemea dirisha kwa mgongo, akaniambia kwa sauti ya chini bila kugeuka:

"Lala chini. Mimi Mbukusu watanifunga. Wewe Mkikuyu watakupoteza."

Nawe unaweza usielewe uzito wa neno hilo, kwa hiyo nikufafanulie. Siku zile Mkikuyu akikutwa ndani ya stoo ya chakula, hakuna aliyemuuliza kama ana njaa. Walisema anawakusanyia watu wa msituni, na huko alikopelekwa wengine hawakurudi. Wafula alijua. Akaondoka dirishani na kuwaendea wale walinzi na nusu ya mkate mkononi, ili wasifike karibu.

"Umetoa wapi?" wakamuuliza.

"Hapo ndani."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Mmoja akaja akachungulia. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia, uso kwenye sakafu. Hakuniona. Wakamfunga Wafula mikono kwa kamba wakaondoka naye. Nilipotoka, mwanangu, sikwenda Gitothua kwa guka, ingawa nyumba yake haikuwa mbali. Nilipita katikati ya yale mashamba ya kahawa yaliyochanua, nikakimbia mpaka Thika.

Wiki iliyofuata niliikata katani kama kawaida. Nyapara aliponiuliza mwenzangu yuko wapi nikamjibu sijui. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliitembea siku saba na haikuisha. Habari zikafika kwamba Wafula yuko mahabusu Thika, ameshtakiwa kuvunja duka na kuiba, na kesi yake ni Jumanne. Jumanne ileile ya barua. Barua yenyewe ilikuwa ndani ya Biblia yake, juu ya kitanda kitupu, hatua mbili kutoka kwangu.

Jumapili ya pili nilimwambia meneja kwamba guka anaumwa, akanipa ruhusa ya siku tatu. Nilimkuta guka anapasua kuni, mzima wa afya, na swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Yule kijana wa koti yuko wapi?"

Nikamwambia yote. Nikamalizia kwa maneno niliyokuwa nimejitengenezea njia nzima. "Lakini guka, sisi hatukuiba. Tulikula tu. Hata karatasi niliacha."

Guka hakunipigia kelele. Aliweka shoka chini, akakaa juu ya gogo.

"Shamba lina mlango?" akauliza.

"Halina."

"Na duka?"

Nikainama nikaanza kuokota vipande vya kuni.

"Shamba halina mlango, ndiyo maana tukaliwekea desturi. Mtu akitia mlango na dirisha, akaweka hata kijiti, amekwisha kusema. Amesema hapana. Wewe ulilisikia hilo neno ukalitoa kwa mkono wako." Akanyoosha kidole upande wa mlango wake mwenyewe. "Na njaa ya msafiri ni ya mtu aliye mbali na kwao. Moshi wa nyumba yangu ulikuwa unauona. Ungeweza kuja kula hapa kabla jasho halijakukauka."

"Ndiyo, guka."

"Tena hata hiyo desturi umeivunja. Mkate wa mwenzako ulitoka dirishani. Ulivuka mpaka."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nakiri liliniuma kuliko yote, kwa kuwa wiki nzima nilikuwa nimejificha nyuma ya desturi, na sasa hata huko nikafukuzwa.

"Haya," guka akasema, "sasa niambie. Yeye leo anakula wapi?"

Nikalia, mwanangu. Nilikuwa mwanamume aliyetahiriwa na nikalia mbele ya kuni.

Guka akainuka kuchukua fimbo yake. Alitaka twende Thika palepale, tukalale kwa jamaa yetu na kufika polisi Jumatatu asubuhi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilimshika mkono nikamwomba. "Guka, nipe kesho. Siku moja tu. Kesi ni Jumanne. Tukifika Jumanne tumewahi. Niache nilale kwako, nioge mtoni, halafu nitakwenda nifungwe." Nikamwambia hata methali, kwamba wahenga walisema kawia ufike. Methali ni kama wake wenza, hazikosi kupingana, na mtu mwoga huchagua ile inayomtetea. Guka alinipenda. Akaiweka fimbo mahali pake. Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua.

Hiyo Jumatatu ilikuwa siku nzuri mno, na ndiyo sababu inanichoma. Nilioga katika mto Ruiru mpaka vidole vikakunjamana. Nilikaa juu ya jiwe, jua likinikausha mgongo, nikasikiliza wanawake wakiimba kwenye mashamba ya kahawa ng'ambo. Guka alichoma ndizi. Tukala tukiongea habari za baba yangu, jinsi alivyokuwa mtundu utotoni. Na je, niliikumbuka barua ya Wafula? Sitakudanganya nikiwa na umri huu. Niliikumbuka nikiwa pale juu ya jiwe. Nikajiambia reli ni kubwa, nafasi haziwezi kuisha, mtu mmoja akichelewa kidogo hawatajua. Kisha nikarudi majini.

Jumanne tulifika mahakama ya Thika asubuhi, guka amevaa lile koti. Karani wa mahakama alikuwa Mkikuyu aliyesoma misheni, mtu wa miwani na maneno machache. Guka akamweleza kwamba aliyeingia dukani ni mimi. Karani akavua miwani.

"Unajua unachokisema, kijana? Unajua shtaka lenyewe?"

"Sikuvunja kitu," nikasema. "Nilitoa kijiti tu."

"Sikiliza. Kwa sheria, kulivuta dirisha lililofungwa ni kuvunja. Hata ukiinua komeo kwa kidole. Na kuingiza mkono tu ni kuingia, si lazima mwili wote upite. Duka, stoo, ofisi, karakana, ni mamoja. Ukivunja ukaiba humo, hakimu anaweza kukupa hadi miaka saba. Ukivunja kwa nia ya kuiba, halafu ukashikwa kabla hujagusa kitu, ni hadi mitano."

"Na aliyesimama nje?"

"Aliyekusaidia ana hatia kama yako. Na aliyepokea kitu akijua kimeibwa, ana shtaka lake mwenyewe. Mkate ni kitu. Sheria haiulizi kama umeumeza."

Guka akauliza ni lini Wafula angeweza kutoka, kama mimi ningekubali. Karani akatikisa kichwa polepole.

"Akibahatika, leo. Lakini mzee, mbona hamkuja jana? Jana hakimu alikuwa hapa na kesi mbili tu. Huyu kijana angekuwa nje tangu jana mchana."

Guka hakuniangalia. Laiti angeniangalia.

Kesi iliitwa saa saba. Wafula alikuwa amekonda, na aliponiona akakunja uso kunionya ninyamaze. Kabuti alikuwapo na kabuti lake. Nilisimama nikasema ni mimi. Hakimu alikuwa Mzungu, yule karani akimtafsiria, na hakuniamini. Alidhani nimepangwa na jamaa kumwokoa rafiki. Akaniuliza nilifanya nini ndani ya duka. Nikamwambia kuhusu karatasi iliyokunjwa na jiwe la mizani. Kabuti akaruka kutoka kwenye benchi.

"Kweli! Karatasi chini ya jiwe! Mimi nauliza bibi yangu kila siku, mwizi gani huyu nasafisha?"

Watu wakacheka, hata askari. Mimi nikajaribu kueleza desturi ya viazi na maganda. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, nami namheshimu kwa hilo. Akasema desturi ya shamba haifungui dirisha la duka, lakini ameona sikuwa mtu wa msituni, na nimejileta mwenyewe bila kukamatwa. Akanipa mwaka mmoja na kazi ngumu. Akaongeza kwamba nisingejitokeza, yule aliyekaa kizimbani angechukua mara mbili ya huo. Wafula akafutiwa shtaka la kuvunja duka. Kwa ule mkate alioupokea, hakimu akasema siku tisa alizokaa ndani zimetosha, aende zake.

Walipokuwa wananifunga pingu, Wafula alinikaribia. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro. Nafasi ya reli ilikuwa imekufa asubuhi ileile, tangu saa mbili. Nilingoja anitukane.

"Asante kwa kuja, ndugu yangu," akaniambia.

Hakuna zaidi. Angenitukana ningepata usingizi.

Kifungo nilikitumikia, nikipasua mawe ya barabara. Kifungo si kitu cha kujivunia, na usimwamini anayekusimulia jela kama safari ya starehe. Jina lako linaandikwa, na kila unapoomba kazi jina hilo limekutangulia mlangoni. Lakini mwaka uliisha. Wafula aliomba tena reli, wakamwambia nafasi zimejaa. Akarudi kukata katani, kisha wakamweka kwenye mashine ya kukamua nyuzi, na baada ya miaka michache mashine hiyo ikachukua vidole vyake viwili. Tuliendelea kuwa marafiki mpaka uzeeni. Alikuja kwenye arusi yangu na nikaenda kwenye ya kwake, tukacheza ngoma za kwao mpaka viatu vyangu vikafunguka soli. Kila niliposalimiana naye nilivihisi vile vidole visivyokuwapo.

Alipofariki nilisafiri mpaka Bungoma kumzika. Wakanipa nafasi ya kusema. Nikasimama nikawaambia watoto wake kwamba baba yao aliwahi kufungiwa ndani kwa ajili yangu na kwamba mimi ndiye niliyemkosesha kazi ya reli. Mwana wake mkubwa akanishika bega.

"Tunajua, baba. Mzee alituambia. Alisema wewe hukushikwa. Ulikuja mwenyewe, mara tu ulipopata ruhusa."

Mara tu nilipopata ruhusa. Ndivyo alivyoamini. Miaka yote ile Wafula hakujua habari za ule mto, ile ndizi, lile jiwe la kukaushia mgongo. Guka hakumwambia, nami sikumwambia. Pale kaburini, watoto wake wakinitazama kwa shukrani, nilifungua mdomo niseme juu ya ile Jumatatu. Nikaufunga. Leo ndiyo mara ya kwanza naisema, na aliyestahili kuisikia haisikii tena.

Kwa hiyo, mwanangu, nimekusimulia ili usifanye kama mimi. Nasikia vijana wa huku kwetu, wa Mwiki na kwingineko, wakikamatwa kwenye duka la mtu husema, "Mimi niliingia tu," au "Mimi nilikuwa nje," au "Sikubeba kitu." Hayo yote niliyasema kabla hamjazaliwa, na hayakunisaidia. Mlango uliofungwa umekwisha kukujibu. Usiuulize mara ya pili kwa mkono. Rafiki akikuambia wacha, wacha, hata kama yeye anaonekana mwoga na wewe unaonekana shujaa. Usitafute desturi wala methali ya kufunika jambo ambalo moyo wako umekwisha kulikataa. Sheria nayo haijabadilika sana tangu enzi zetu: inaangalia dirisha, mkono na nia, haiangalii tumbo.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Ukikosa, na utakosa kwa kuwa u binadamu, nenda ukaseme siku hiyohiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi tumbo linaloumia si la yule anayengoja. Siku unayojiombea upumzike kidogo kabla ya kusema kweli ni siku ya mtu mwingine; unamnyang'anya bila kuvunja mlango wowote, na hakuna mahakama itakayokuita. Mwaka wa jela niliumaliza. Jumatatu ile bado naitumikia.

Ungekuwa karibu ningekutemea mate kiganjani, kama wazee wetu walivyobariki, nawe usingeona kinyaa kwa kuwa mimi ni wako. Basi pokea kwa maneno. Mungu akupe marafiki wa kukuambia wacha, na masikio ya kuwasikia. Akupe mlango wako mwenyewe, na chakula ndani yake, na mpita njia mwenye njaa umkaribishe kabla hajaomba. Uzae, ulee, uzeeke ukiwa na meno ya kutafunia ndizi. Na siku ukiwa na neno la kweli la kumwambia mtu, akujalie umkute angali hai. Amina, mwanangu. Amina.